Aliyezikwa kwa Wimbo

Persida hakuzaliwa kipofu. Ndui ilimpitia akiwa bado mtoto mdogo, ikamwachia uhai na kumchukulia macho. Baba yake, mkulima wa zabibu asiye na maneno mengi, alimpeleka mji wa Irig kwa wanawake vipofu waliokuwa wakifundishana nyimbo, akamwacha pale kama mtu anavyoacha nguo kwa fundi. Tofauti ni kwamba nguo hufuatwa.

Kwa muda mrefu kila lango lilipolia, Persida aliinua kichwa. Hakuna aliyemwambia kwamba baba haji tena. Ilibidi ajiambie mwenyewe kuwa baba amekufa, ndipo akaweza kula akashiba.

Huko Irig alifunzwa kupiga zeze la uzi mmoja na kuimba habari za wafalme wa kale. Mwalimu wake hakuwa mpole. Ukikosea neno, upinde unatua gotini. Persida alipigwa zaidi kwa ajili ya wimbo wa Binti Mfalme Ljubosava, kwa sababu una majina mengi. Katika wimbo huo mfalme ameuawa vitani na jeshi lake limelala kondeni. Adui aliyeshinda anamwambia yule binti kwa dhihaka kwamba ataruhusiwa kuwazika wale tu atakaowataja kwa majina, na waliobaki ni chakula cha kunguru. Adui alidhani binti wa kifalme hajui kitu ila kudarizi. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiwagawia mkate wale askari uani kwa baba yake. Anapita kondeni akiwataja mmoja mmoja, mwana wa nani, wa kijiji gani, mpaka sauti inamkauka.

Majina yale hayakuwa ya kuongezwa ovyo. Mwalimu alisema kwamba kumtaja mtu hai katika wimbo ule ni kumfukia huku anapumua, na wale vipofu wa Irig waliliogopa jambo hilo kuliko njaa.

Alipokuwa mtu mzima, Persida alizunguka kwenye sikukuu za monasteri pamoja na Savka, mjane mwenye chongo aliyemwongoza kwa kumshika mkono wa gauni. Savka alipenda kuwaambia watu kwamba wao wawili wana jicho moja, na hilo nalo linapenda pombe ya rakia. Walilala kwenye vibanda vya mahujaji, wakala walichopewa, mara mkate na jibini, mara maharage yaliyokwisha chacha. Persida hakulalamika. Lililomsumbua katika maisha yale lilikuwa moja tu, na lilikuwa na jina. Liliitwa Krunija.

Krunija alikuwa mama wa kijana Gavra. Nchi ile ilikuwa ya mpakani, kila nyumba hutoa askari kwa Kaisari, na Gavra alichukuliwa na kikosi kwenda Italia kupigana na Mfaransa. Wenzake walirudi, wengine kwa miguu, wengine kwa magongo. Wote walisema neno lilelile: walimwona akiingia mtoni, hawakumwona akitoka. Padri akakataa kumsomea sala ya wafu, maana hakuna shahidi wa kifo. Bila sala, mama hakuweza kuchemsha ngano ya marehemu na kuigawa kwa majirani. Akabaki hivyo, si mfiwa, si mwenye mtoto. Mlango wake haukutiwa komeo, hata theluji ilipofika kizingitini. Mbwa akibweka, yeye yuko nje na shali begani. Mwanzoni majirani walimhurumia, halafu wakachoka, kama watu wanavyochoka na huzuni isiyo yao. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kila sikukuu ya Kupaa alikuja kwa Persida na ombi hilohilo.

"Mtie mwanangu mle. Binti Mfalme amtaje, amzike."

"Mama Krunija, mle wanaingia waliokufa."

"Na mimi nasema nini?"

"Umemwona amekufa?"

"Kwani wewe hao wa kwako uliwaona? Hata kidole chako hukioni."

Savka aliangua kicheko, kisha akaona haya. Persida alikataa. Mwaka uliofuata alikataa tena, na jibini ya Krunija akairudisha ingawa tumbo lilikuwa tupu. Alimwogopea Gavra. Kama kijana yu hai mahali fulani, nani atampa ruhusa mwanamke wa barabarani kumfukia?

Ikaja sikukuu moja ambayo Krunija hakuomba kwa ukali. Alikaa chini karibu sana, mpaka Persida akasikia pumzi yake ilivyokuwa nyembamba.

"Persida mwanangu," alisema, "sikuombi tena kwa ajili yake. Nimechoka. Nataka nilale usiku mmoja tu bila kusikiliza mlango."

Hapo Persida alishindwa. Alilikumbuka lile lango la Irig, moyo ukamuuma kwelikweli. Akachukua zeze. Watu wakakusanyika, Binti Mfalme akaanza kupita kondeni, na baada ya jina la mwisho alilofundishwa Persida akaongeza jingine. Akaimba kwamba kando ya mto alilala Gavra wa Krunija, na Binti Mfalme akamjua, akamfuta tope usoni kwa shela yake, akamwita kwa jina na kumlaza penye udongo laini. Wanaume walivua kofia, wakamwombea rehema. Krunija alilia kwa sauti, kilio kilichokuwa kimekwama kifuani mwake miaka yote ile, na hakuna aliyemnyamazisha.

Alirudi nyumbani akachemsha ngano kwa asali, akaigawa nyumba kwa nyumba. Padri alinung'unika, lakini naye alikula. Usiku Krunija akatia komeo.

Hakuufikia msimu wa kuvuna zabibu. Wanawake wa kijiji walisema kule kungoja ndiko kulikokuwa nguzo ya nyumba ile. Umeitoa, paa limeshuka. Savka aliposikia habari hizo alitaka kumficha mwenzake, lakini kipofu hafichwi sauti. Persida siku ile hakugusa zeze.

Sikukuu iliyofuata, watu wenyewe ndio waliomtaka Gavra. Wale askari wa kale walikuwa wageni kwao. Huyu walikuwa wamekula naye. Basi Persida akaimba, na watu wakalia, na mwisho wakatawanyika kwenda kula. Mmoja alibaki amesimama. Savka akaubana mkono wa mwenzake.

"Huyo Gavra," sauti ya kiume iliuliza, "nani alikwambia amekufa?"

"Hakuna."

"Basi mbona umemzika?"

"Mama yake aliniomba." Persida alikuwa amekwisha jua. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Nilikuwa mateka kwa Wafaransa. Nimefika juzi, nyumba imefungwa, jirani ananiona anapiga ishara ya msalaba kama kaona pepo."

Persida aliteremka kutoka kigodani, akapiga magoti vumbini. Alimwambia yote, jinsi alivyokataa na jinsi alivyokubali, na kwamba mama yake alikufa kwa sababu ya wimbo ule. Akamwomba amlaani kama anataka, ana haki. Akaapa kwamba jina lake atalitoa leo hii, wala halitasikika tena.

Gavra hakumlaani. Aliuliza, "Aliponisikia nimezikwa, alilia?"

"Alilia sana."

"Halafu?"

Savka ndiye aliyejibu. "Halafu akaenda zake akalala, baba. Majirani wanasema alikoroma mpaka wakamsikia uani."

Yule mwanamume alikaa chini kwenye majani. Kule chini watu walikuwa wakigombania nyama ya kuchoma.

"Usinitoe," alisema.

"Lakini wewe u hai."

"Najua kama ni hai. Ukinitoa mle, mama ataanza tena kuningoja huko aliko."