Siku Niliyomulaza Mave Chini

Siku ile ya Aveba, kijijini kwetu, haijanitoka kichwani, mwanangu, hata sasa ninapoishi hapa Saio na meno yamebaki ya kuhesabu. Nilikuwa binti wa kutosha kuolewa, kichwa kigumu. Kunguni walikuwa wametuzidi. Baba alikuwa na bido, dumu la plastiki, ya dawa ya kupuliza kahawa, na alitukataza kuigusa. Alipokwenda Irumu, nikaimwaga kitandani, kwenye mukeka, hata ukutani. Ilikuwa asubuhi ya baridi, sikusikia harufu kubwa. Nikafunga kila kitu ili kunguni wafe vizuri, nikaenda kulima.

Niliporudi jua lilikuwa la utosi, manjanja, yale mabati ya paa, yanawaka moto. Mudogo wangu Mave, wa miaka mitano, alikuwa amesukuma mulango akaingia kumutafuta paka wake. Nilimukuta anakohoa, macho yanatiririka. Nami nikafanya kile mama zetu walitufundisha jikoni, moshi wa kuni unapozidi: nikamwambia alale chini, uso karibu na udongo, wakati ninahangaika na dirisha. Wewe pia umelelewa hivyo. Mave akanitii. Alipolala tu, mate yakaanza kumutoka mengi, na miguu ikatetemeka.

Muzee Ngabu, jirani yetu aliyekuwa zamani munganga wa jeshi, alisikia kilio changu. Aliziba pumzi, akaingia, akamubeba. Nikavuta kitenge cha kitandani nimufunike, akakinyang'anya na kukitupa mbali.

«Weye unataka kumumaliza? Ile kitenge iko na sumu.»

Njia ya mutoni ndiyo ilikuwa fupi, lakini yeye alipanda naye mulimani, uso wake ukielekea upepo unakotoka. Akamuvua gauni. Waliochota maji walikuwa majirani, Dzaro, Furaha na Mama Anyesi. Wakamuosha kwa sabuni tangu nywele mpaka kucha, ndipo akapelekwa kwa baiskeli mpaka dispansere. Siku tatu sikula kitu.

Mave alipona. Siku ya tatu hiyo Muzee Ngabu akaja kuketi nami, bila ukali. Akanieleza kwamba jeshini walifundishwa sumu ambazo watu hutengeneza ili kuua watu wenzao, na kwamba dawa yetu ya kahawa ni ndugu ya moja kati ya hizo. Iko ile inayochoma ngozi, iko inayokaba mapafu, iko inayoharibu damu, na ile inayoshika mishipa ya fahamu mpaka mate yamwagike, kama kwa Mave. Kisha wanazigawa tena: moja upepo unaiondoa upesi, nyingine inakaa siku nyingi kwenye nguo na udongo. Baridi inailaza, jua linaiamsha, bonde linaituamisha. Mvua inaiosha, lakini inaishusha na maji kule yanakokwenda.

«Moshi inapandaka juu, sababu iko na moto,» akaniambia. «Hii iko nzito, inatafutaka chini. Weye ulimupeleka mutoto kwenye inakaa.»

Mpaka leo Mave, naye sasa ni bibi, akinitembelea ananiuliza mulangoni, mimi dada yake mukubwa: «Yaya, nilale chini?» Tunacheka, lakini mimi sicheki mpaka mwisho.

Ninakuandikia hivi kwa sababu sokoni leo sumu inauzwa ndani ya chupa za maji, bila karatasi, na siye tuliokimbia vita kule Djugu, nilikoolewa, tunalala chini ya bashi moja ya turubai pamoja na mbegu, dawa na watoto. Najua nafasi hakuna. Hata hivyo, usiilaze karibu na mukeka. Uliza jina lake kabla ya kuifungua. Ikikupiga, usilale, toka, panda, elekea upepo, vua nguo, oga, kisha nenda kwa munganga.

Na jambo moja zaidi, mwanangu. Mimi nilimulaza mudogo wangu chini kwa kumupenda, kwa kutojua. Kuna watu wanaopima upepo na joto kwa kujua, ili walaze kijiji kizima. Ukija kusoma sana kuliko mimi, usikubali akili yako ifanye kazi hiyo, hata wakuite shujaa.

Mungu akupe pumzi ndefu, na akuweke daima upande ule upepo unakotoka.