Mkono Ulitulia, Susu Hakutulia

Jumamosi ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu wingu la mvua lilikuwa limekifunika kijiji cha Nuu tangu asubuhi, na kule kwenye ukame mvua ikija hakuna anayelalamika hata siku ya harusi. Nilikuwa kijana, nimetoka Matiliku kwenda kupiga picha za harusi, na kamera ya dijitali yenye lenzi mpya, ile aina iliyo na mtambo wa kutuliza mtikisiko wa mkono. Niliipenda lenzi hiyo kuliko nilivyowapenda watu niliowapiga picha. Leo nacheka, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Ndinda, mwenye studio pale Matiliku. Tulimwita Mwaitu, yaani mama. Kabla sijaondoka alinitilia mkobani lenzi yake fupi, kuukuu, isiyovuta mbali wala kutuliza chochote, ila tundu lake lilifunguka pana na kuingiza mwanga mwingi.

“Hayo makanisa ya mabati yana giza, Musyoka. Beba hii.”

“Mwaitu, hii yangu inapiga hata gizani. Mkono hautikisiki kabisa.”

Hakubishana. Nami sikuitoa mkobani siku nzima.

Mchungaji alikuwa amekataza flashi wakati wa ibada. Kamera za siku zile nazo, ukizilazimisha kuona gizani, picha ilijaa chengachenga kama mchanga. Kwa hivyo niliiacha shata, kile kilango kinachofunguka na kufunga kwa kila picha, ikae wazi muda mrefu kidogo, nikiutegemea ule mtambo. Maharusi walisimama tuli wakila kiapo, picha zikatoka safi. Kichwa kikanivimba.

Ndipo kwaya ikaanza. Mstari wa mbele alikuwa ameketi Susu Kavata, nyanya yake Mutua, bwana harusi. Kwa miaka mitatu hakuwa amesimama bila kushikwa mkono. Akaweka fimbo chini, akainuka, akaishika leso yake kwa mikono miwili na kuanza kucheza. Kanisa zima lilipiga vigelegele. Mutua alilia pale mbele, hakujificha. Nilipiga picha kumi na moja kabla Susu hajarudi kitini.

Jumatatu nilizifungua kwenye kompyuta. Misumari ya ukutani ungeweza kuihesabu. Maandishi ya bango la kwaya yalisomeka. Susu alikuwa moshi. Zote kumi na moja, moshi wenye leso.

Nilizificha. Nikapeleka zile nyingine, na watu wakashukuru. Wiki tatu baadaye Mutua akanipigia simu, sauti imekauka.

“Susu ametuacha. Tunataka ile picha akiwa anacheza, tuiweke mbele ya jeneza.”

Mwanangu, nilidanganya. Nilisema, “Pole sana, ndugu yangu. Wakati ule nilikuwa nabadilisha betri.”

Mutua akakata simu.

Nilienda mazishini. Mbele ya jeneza walikuwa wameweka picha ya kitambulisho iliyokuzwa: Susu amekodoa macho kama mtu aliyekemewa. Watoto wadogo waliogopa kuitazama. Mimi nilijua kwamba yule mama alikuwa amecheza.

Niliporudi nilimwonyesha Mwaitu kila kitu. Alizitazama polepole, moja baada ya nyingine.

“Lenzi yako ilituliza mkono wako,” akasema. “Susu alitulizwa na nani?”

Akaizima kompyuta, akanigeukia.

“Kuikosa picha ni sehemu ya kazi, hata mimi nimekosa nyingi. Lakini umemwambia mtu hukumwona nyanya yake. Rudi Nuu.”

Nilirudi na picha moja niliyoichapisha. Mutua alikuwa akiwanywesha mbuzi. Nikamwambia ukweli wote, hata habari ya lenzi iliyobaki mkobani. Akaichukua picha ile, akaigeuza kwenye mwanga.

“Kwa hivyo ulikuwa unamwangalia.”

“Nilikuwa namwangalia.”

“Hiyo betri ndiyo iliniuma,” akasema. “Nilidhani siku yake ile, wewe tuliyekuita uione, hukuiona.” Akagusa ile rangi iliyofutika. “Leso ni yake. Mkono nao ni wake.” Akaingia nayo nyumbani, akanitolea kiti.

Sasa nisikilize, wewe unayeanza. Kabla ya kubonyeza, jiulize ni nani anayetikisika. Ikiwa ni wewe, na unachopiga kimetulia, kama vile mlima, nyumba au mtoto aliyelala, mtambo wa kutuliza utakusaidia sana, wala usiudharau. Ikiwa anayesogea ni yule wa mbele yako, hakuna mtambo utakaomshika. Fungua tundu pana, shata ifunge upesi. Lakini tundu pana nalo lina hila yake, huonyesha vizuri sehemu nyembamba tu: lenga jicho, maana ukilenga pua jicho linafifia. Hilo pia nilijifunza kwa kuharibu. Na siku utakayoharibu, kwa sababu utaharibu tu, mpelekee mwenyewe picha yake mbovu na umwambie kilichotokea. Usimwambie hukuwepo.

Mungu akupe macho ya kuwaona watu wakiwa bado wanacheza, akupe na mdomo usioogopa kusema nimekosea. Milango ya watu uliowapiga picha isifungwe mbele yako. Nenda salama, mwanangu.