Redio Yenye Kifungo cha Koti

Baba yangu hakuwa mtu wa kugombana na watu. Aligombana na redio. Ukipita pale kibarazani kwetu Biryogo, mjini Kigali, mchana, habari zikisomwa, ungemkuta mguu uko kwenye cherehani, kidole kiko hewani, anamfokea msoma habari, "Muongo we! Jana ulisema nini?" Wateja walishazoea. Mtu alikuja kupimwa kanzu, akipimwa shingo tu ameshapewa hotuba, na akiondoka anaijua misimamo ya Baba kuhusu serikali za nchi tatu. Mimi nilikaa nyuma yake kwenye kigoda nikishona matundu ya vifungo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na kichwani mwangu hamkuwa na serikali hata moja. Mlikuwa na kijana wa Bukavu.

Kijana huyo alikuwa akivuka mpaka na marobota ya vitenge kutoka Zaire, anawauzia mafundi wa mtaa wetu. Kiswahili chake cha kwao kilinichekesha mpaka najidunga sindano. Nikimpa maji ya kunywa anasema, "Aksanti, mama." Mimi, mama! Nilienda ndani nikajitazama kwenye kioo, nikarudi nikamuuliza kama ana macho. Akasema kwao ndiyo heshima. Basi nikapenda heshima, jamani, nikapenda na mwenye nayo, na siku anazokuja nilikuwa nashona tundu la kifungo mahali pasipo na kifungo.

Kisha vikaja vita. Oktoba ya mwaka wa tisini mapigano yalianza kule kaskazini mashariki, na jirani zetu wa Zaire wakatuletea askari waje kutusaidia. Mwanzoni mji uliwapungia mikono. Baada ya siku chache tu kila aliyekosa kuku alisema anajua kuku wake aliko. Haukupita muda wakarudishwa kwao, wakubwa wa pande zote mbili wakazungumza maneno matamu mno kuhusu urafiki na udugu, na sisi huku mitaani tukawa tunahesabu masufuria.

Siku zilezile nyumba zilikuwa zikisakwa, watu wakitiwa ndani kwa neno moja tu. Bibi, mama yake Baba, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alikuwa halali. Mwanawe alikuwa anafungulia stesheni za nje kwa sauti kubwa, halafu anazijibu kwa sauti kubwa zaidi. Mchana mmoja Baba alipokwenda msikitini, Bibi akapanda kigoda, akaiteremsha redio kwenye rafu, akaifunga kwa kanga mbili na kuizika ndani ya gunia la makaa. Mimi ndiye niliyeshika gunia. "Akae kimya hata wiki moja, mke mwenzangu," akaniambia. "Atatuponza huyu."

Sasa sikiliza mambo. Alasiri hiyohiyo askari wawili wa Zaire walisimama kibarazani kwetu, wakapapasa suruali moja, wakauliza bei, wakacheka, wakaenda zao. Hawakugusa kitu. Baba akarudi, jirani akamwambia Wazaire walikuwa hapa, akainua macho: rafu tupu.

"Wameibeba!" akapiga ukelele. "Wameibeba redio yangu!"

Bibi alifungua mdomo. Nilimwona akiufungua. Lakini Baba alishafika barabarani. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari, na keshoye alikwenda kwa konseye, mkuu wa sekta yetu, na barua aliyoiandika nakala tatu, akagongewa mhuri. Barua ilidai kwamba nchi jirani irudishe, kwa njia za kidiplomasia, redio moja ya betri sita, yenye kifungo cha koti cha kahawia mahali pa kitufe cha sauti, maana kitufe chenyewe kilianguka zamani na Baba akajitengenezea. Haya, mtu kama huyo utamwambiaje redio iko kwenye makaa?

Bibi alisema atamwambia Ijumaa. Ijumaa zikaja zikaenda. Na mimi nasema ukweli, nyumba ilikuwa na raha! Bibi alinenepa. Makaa tulinunua kwenye gunia jingine, lile la kwanza likabaki pembeni na siri yake, na miezi ikawa mwaka, na zaidi.

Halafu yule kijana akatamka kwamba anataka kuniposa.

"Kwa watu gani?" Baba akauliza, ingawa anajua. "Kwa watu waliobeba redio yangu? Redio walibeba kwa mkono mmoja, sasa wanataka mkono wa pili ubebe binti! Hapana. Kwanza redio."

Nilidhani ni mzaha. Haikuwa mzaha. Nilimpikia pilau, akala pilau, akasema kwanza redio. Wazee wa msikitini walikuja, wakanywa chai, wakaambiwa kwanza redio. Nililia mpaka nikakasirika, nikaenda jikoni nikamshika Bibi kanga.

"Bibi, sema leo! Mimi naachwa hivi hivi kwa ajili ya gunia?"

"Nikisema, baba yako atapita wapi hapa Biryogo? Konseye ana barua yenye mhuri!"

"Na mimi nitaolewa na nani? Na mhuri?"

Akacheka mpaka akakaa chini, mwanamke mbaya yule, na mimi nikacheka huku nalia. Ningeweza kumwambia Baba mwenyewe. Nilifika hadi mlangoni mara mbili. Lakini nilimwona alivyoinama kwenye cherehani, amevaa miwani yake ya waya, nikawazia watu watakavyomcheka kila akipita, nikarudi. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: ama Baba aaibike, ama mimi nimkose yule mtu.

Bibi alipata njia ya katikati. Alimwambia Baba, "Waruhusu waje kuposa. Hilo la redio si uwaulize mbele za watu?" Hapo Baba akakubali upesi, maana hakuna alichokipenda kama kuuliza kitu mbele za watu.

Lazima nieleze desturi yetu ya kuposa, ndipo utaelewa balaa. Kwetu Rwanda, wageni wakija kuomba binti, wenyeji hawakubali. Hata kama harusi ilishapangwa na ng'ombe keshafika, msemaji wa wenyeji anatakiwa akatae mara tatu. Anasingizia. Binti hayupo, binti keshaolewa, mbuzi wenu walikula maharage yetu. Na msemaji wa wageni anakubali kosa, anaomba radhi kwa maneno ya kuchekesha, watu wanapiga makofi. Ni mchezo wa maneno, na mtu mzima anayeujua vizuri anaalikwa kila harusi. Mchumba wangu alilijua hilo, akatafuta msemaji hodari wa hapahapa Kigali, mwalimu mstaafu. Siku yenyewe mwalimu alizuiwa kwenye bariyeri ya askari barabarani kwa sababu karatasi zake hazikuwa na saini fulani. Hakufika.

Basi akabaki mjomba wa mchumba wangu, mkubwa wa msafara, ambaye kwao wanamwita noko. Seremala wa Bukavu, mtu mpana, mikono mikubwa, uso wa upole. Kiti tulichompa kililalamika. Desturi yetu hakuijua hata kidogo.

Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, nimepambwa, siruhusiwi kuonekana mpaka watu wakubaliane. Bibi alikaa karibu na pazia. Kulikuwa na fanta na maandazi na majirani hadi madirishani. Msemaji wetu, fundi mwenzake Baba, akasimama, akakohoa kwa maringo.

"Mmekuja kuomba binti," akasema. "Sisi tunawajua nyinyi! Mlikuja kutusaidia vita, mkatusaidia na kubeba. Redio ya mzee huyu iko wapi? Irudisheni kwanza, ndipo mtamke jina la binti!"

Watu wakalipuka kwa kicheko. Huko ndiko kulikuwa kukataa kwa kwanza, na kuzuri. Baba peke yake hakucheka. Niliona kwenye upenyo wa pazia: amekunja mikono, anangoja jibu kwelikweli.

Na Noko naye hakucheka. Alisimama polepole, akavua kofia.

"Muzee," akasema, "batu betu kama balikamata redio yako, mimi naomba musamaha. Naomba kwa niaba ya inchi yangu yote."

Msemaji wetu alitazama huku na huku. Haikuwa zamu ya kuomba hivyo, na macho ya mtu yule yalikuwa yamelowa.

"Askari, muzee, hata kwetu banakamata. Mwaka yenye ilipita baliiba vitu mujini, bakafika kwangu. Banakamata meza, viti. Banakamata mulango! Mimi seremala, nilikuwa nalala bila mulango!"

Hapo hata Baba alitikisa mabega. Noko akainama, akafungua begi lake, akatoa redio ndogo nyeusi, akaiweka kwa mikono miwili miguuni pa Baba.

"Hii ndiyo balisahau kukamata, juu ya kuwa nilikuwa nayo mukononi. Si ile yako. Lakini inasema."

Yarabi! Nilishika mdomo. Nilimwona mchumba wangu ameinamisha kichwa kwa haya. Nilimwona Baba anaitazama ile redio. Na Bibi nilimsikia akivuta pumzi. Mtu aliyeibiwa mpaka mlango anatoa redio yake kulipa wizi ambao ulifanywa na kanga mbili za Bibi.

"Basi!" Bibi akasema. "Basi, subirini hapohapo, asitoke mtu!"

Akapita mbio kunishinda mimi kijana. Nikasikia jikoni gunia linaburutwa, makaa yanamwagika. Akarudi mweusi mpaka kwenye viwiko, na gauni lake la sherehe, ameikumbatia redio yenye kifungo cha kahawia. Akaiweka karibu na ile ya Noko.

Majirani walidhani ni sehemu ya mchezo. Wakapiga vigelegele! Msemaji wetu akapiga makofi, akasema hajawahi kuona bibi wa binti mwenye utani kiasi hicho. Baba aliinama, akakigusa kile kifungo. Uzi alioufungia mwenyewe ulikuwa bado upo. Akainua uso, akamtazama mama yake.

"Mama," akasema taratibu. "Kwenye makaa?"

"Ulikuwa unapiga kelele, mwanangu. Niliogopa watakuchukua."

Kama angetoka nje, yangekwisha yote, maana nani atarudi tena baada ya aibu hiyo? Watu wa mbele waliokuwa wamesikia wakaanza kunong'ona, mnong'ono ukatembea hadi dirishani, na nikasikia mmoja akisema, "Na ile barua ya mhuri je?" Kicheko kikaanza kutokota.

Baba akasimama. Akajishika kifua. Akamgeukia Noko, na kwa lafudhi ileile ya Bukavu, neno kwa neno, akasema:

"Muzee, naomba musamaha. Naomba kwa niaba ya inchi yangu yote."

Nyumba ilipasuka. Na Noko, Mungu amjaze heri, ndipo akauelewa mchezo. Uso wake ulifunguka taratibu. Akakaa, akakunja mikono kama Baba alivyokuwa ameikunja, akatikisa kichwa.

"Hapana. Hatukubali. Mulitusingizia inchi nzima, na barua ya muhuri! Mutalipa."

"Mnataka nini?" Baba akauliza.

"Binti."

Sikungoja kuitwa. Nilitoka na mapambo yangu nusu yameanguka, Bibi akanikumbatia na kunipaka makaa kwenye gauni jeupe, na katika picha zote za siku ile mimi nina mikono miwili myeusi mgongoni. Baba aliirudisha redio ya Noko begini kwa mkono wake. Yake ikatiwa betri mpya, ikakohoa vumbi, ikaanza kusema, na kabla ya kuolewa nilimsikia mara ya mwisho akiiambia, "Muongo we!"

Nikahamia Bukavu. Noko alituchongea mlango, mzito, wa mninga, na ule mchezo ukamwingia kabisa. Ndugu yeyote wa Kigali akibisha, Noko kama yuko kwetu anakimbilia mlangoni, anashika komeo, anauliza kwa sauti nzito, "Redio iko wapi?" Anakataa mara tatu. Watu wamesimama na mizigo, wanaomba radhi, wanacheka, jua linawachoma, hadi mimi nagomba ndipo anafungua. Bibi alikuja kututembelea mara moja akakataliwa mara sita, akaona ni heshima. Alifariki mwaka uliofuata kitandani kwake, akazikwa na watu wengi. Siku hizi nashukuru kwa hilo.

Kisha ikawa mwaka wa tisini na nne. Kwa miezi kadhaa sikujua kama Baba yu hai. Asubuhi moja tulisikia mtu akibisha kidogo sana, kana kwamba anaogopa kusumbua. Noko alikuwa sebuleni anakunywa chai. Akaenda, akachungulia kwenye ufa wa dirisha.

Nilimwona akishika komeo. Nikangoja aulize.

Akafungua. Baba alikuwa amesimama pale, viatu havifanani, peke yake, hana mfuko wala nguo ya pili. Kwapani alikuwa na ile redio, kifungo cha kahawia bado kipo, na alikuwa ameshaanza kuinyoosha mbele kwa mikono miwili, kama mtu aliyejiandaa njia nzima kwa swali moja.

"Mbona huniulizi?" akasema.

"Ingia, muzee," Noko akamwambia. "Ingia kwanza."