Kikasha cha Dawa Nilichomchongeshea Mama

Mama alipoambiwa kliniki kwamba presha yake haitashuka bila dawa za kila siku, nilijipa kazi ya kuzipanga. Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa naishi Kawe na wanangu, yeye akiishi Mbagala na mdogo wangu wa kike, katika nyumba tuliyohamia tangu tulipotoka Lindi. Kila asubuhi alikaanga vitumbua barazani, na wateja walimfuata kabla jua halijapanda.

Kliniki walimpa dawa kwenye vibahasha vya karatasi vilivyoandikwa kwa kalamu. Haikuchukua muda vikaloa mafuta ya vitumbua na maandishi yakafutika. Nikaenda Kariakoo nikanunua kile kikasha cha plastiki chenye vifuniko saba na herufi za Kiingereza. Mama akahangaika nacho. Wiki yake inaanza Jumamosi, kama jina lenyewe linavyosema, lakini kikasha kilianza Jumapili. Vifuniko navyo vilikuwa vigumu. Vidole vyake havikuwa na nguvu tena za kuvibandua, na siku moja alitumia kisu, kimoja kikakatika.

Mfamasia wa duka la dawa karibu na ofisi yetu akanionya kwamba vidonge visitolewe kwenye pakiti zake, kwa sababu joto na unyevunyevu wa Dar vinaviharibu. Akaniambia nikate pakiti kwa mkasi, kila kidonge kibaki ndani ya ganda lake. Vipande hivyo havikuenea kwenye plastiki. Ndipo nikaenda Keko kwa maseremala.

Fundi niliyempata alikuwa amezoea makabati na vitanda. Nilipomwonyesha ukubwa ninaoutaka kwa viganja vyangu, akacheka. "Sista, hiki kitanda cha panya?"

Nikamwambia ni cha dawa za mama yangu, akaacha kucheka. Alinitengenezea kikasha cha mninga chenye vidroo saba na vishikio ambavyo mtu angeweza kuvivuta kwa kidole kimoja. Majina ya siku aliyachoma kwa msumari wa moto, Jumamosi ikitangulia.

Mama alikipokea kwa mikono miwili. "Mwanangu, mie umenichongeshea kabati!" Akakiweka juu ya meza ya sebuleni, akakitandikia kitambaa cha kufuma. Wageni wote walionyeshwa.

Kila Jumamosi nilikwenda Mbagala kukijaza. Nilimwomba mama jambo moja tu: asitupe maganda ya vidonge, ayarudishe kwenye droo, ili nijue dawa imenywewa. Mdogo wangu alikuwa akinitengea chai na vitumbua vya moto.

"Mama anakunywa dawa vizuri?" nilimuuliza.

"Anakunywa, dada. Si unaona mwenyewe?"

Nilikuwa naona. Nikivuta droo nilikuta maganda matupu yamepasuliwa vizuri, na moyo wangu ulitulia wiki nzima. Kliniki presha ilikataa kushuka, daktari akamwongezea dozi, nami nikaongeza vidonge kwenye vidroo. Ofisini nilijisifu. Kuna mwenzangu nilimwelekeza hadi kwa fundi yule yule wa Keko amchongeshee baba yake.

Asubuhi moja nikiwa kazini, mdogo wangu akanipigia simu analia. Mama alikuwa anageuza vitumbua, kijiti kikamdondoka, mdomo ukaenda upande. Niliwakuta hospitali. Mama alikuwa amelala wodini, mkono wa kushoto umekufa ganzi, akijaribu kusema maneno yanakatika.

"Mama anatumia dawa zake?" daktari akauliza.

"Anatumia. Nazipanga mwenyewe."

Nilisema kwa sauti ya kujiamini, mdogo wangu akiwa amesimama pembeni na khanga ya mama mkononi. Akainamisha uso. Nilidhani analia.

Daktari alishangaa. Alisema kama mama anakunywa dawa zote hizo na presha iko vile, basi itabidi amchunguze figo. Akanituma nyumbani nilete kila dawa iliyopo. Nilikwenda Mbagala, nikachukua kikasha, kisha nikafungua sanduku la bati la mama nimtolee khanga za kubadilisha. Chini ya khanga palikuwa na kopo la maziwa ya unga. Nilipoliinua likalia kama njuga. Nikalifungua.

Lilijaa vidonge. Vyeupe, vya njano, vya waridi, vyote bila maganda, vya chini vimeshikana na kuanza kumomonyoka. Mama hajawahi kutupa kitu kilichonunuliwa, hata dawa asiyoitaka.

Niliketi kitandani kwake na kopo mapajani. Kwanza nilijiambia ni vya mtu mwingine. Halafu nikaelewa kwamba yale maganda yalipasuliwa kwa ajili yangu, ili nikija Jumamosi niyaone. Na mama ambaye hakuweza kubandua kifuniko cha plastiki hakuwa ameyapasua yeye.

Nilimkuta mdogo wangu kwenye korido ya wodi.

"Nani alikuwa anavitoa hivi kwenye maganda?"

Aliliona kopo. "Dada, tuongee nje."

"Nani?"

"Mie. Mama alinituma." Akajifuta macho. "Alisema ile dawa ya kumkojoza inamwaibisha. Aache mafuta motoni mara ngapi akimbilie chooni, wateja wamesimama? Na ile nyingine ikamvimbisha miguu. Akasema nikikwambia utamwachisha vitumbua, umhamishie Kawe."

"Kwa hiyo ukaona bora afe."

"Nilimbembeleza, dada. Wallahi nilimbembeleza. Kuna siku alikunywa."

"Na kila Jumamosi ukanitengea chai."

Wakati huohuo akaja jirani yetu wa Mbagala na chupa ya uji. Alipoona kopo mkononi mwangu, akatikisa kichwa. "Mie nilimwambiaga mama yenu, hizo dawa asiziache." Alisema kwa huruma, na hakujua alichonifanyia. Hata yeye alijua.

Nilimweleza daktari ukweli. Nilitegemea atagomba. Hakugomba. Alimuuliza mama taratibu, mama akajibu kwa ulimi mzito, miguu, choo. Daktari akakata dawa moja, akaandika nyingine, na ile ya kukojoza akampangia saa ambayo biashara imekwisha. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi kuliko foleni ya kupima presha. Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Tungeweza kufanya hivyo wakati wowote, kama ningeambiwa.

Sauti ya mama iliporudi vizuri nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuja na furaha yako, mwanangu. Nikasema nisikuvunje moyo."

"Na sasa hujanivunja?"

Akageuzia uso ukutani. "Mie ndiye mama. Nikawa napangiwa kama mtoto."

Najua alikuwa na haki ya kukataa dawa. Angenikatalia mimi, usoni, tugombane yaishe. Hakuwa na haki ya kunifanya niape mbele ya daktari kwa jambo ambalo halikuwepo.

Sasa anaishi kwangu Kawe, jambo alilolikimbia. Mkono wa kushoto haushiki sawasawa. Vidonge nampa mwenyewe mkononi pamoja na maji, naye akishameza anafungua mdomo nione. Sijawahi kumwambia afungue. Naona aibu kila mara, na kila mara natazama.

Mdogo wangu ndiye anayekaanga vitumbua Mbagala siku hizi. Huja kutuona Jumapili. Ananisalimu, "Shikamoo dada," naitikia, tunakula pamoja, na wanangu wanamrukia kama zamani. Sijamfukuza wala sijamsamehe. Akifika, uso wa mama unachangamka kuliko unavyochangamka kwangu.

Jumapili iliyopita niliwasikia wanacheka chumbani, mama anacheka mpaka anakohoa. Nikaingia na sahani za matunda, wakanyamaza.

"Mnacheka nini?" nikauliza.

"Hamna kitu, dada," akasema mdogo wangu.

Nikamtazama mama.

"Hamna kitu," naye akasema, akachukua kipande cha papai.