Mngurumo wa Baba Kwenye Spika

Wiki moja baada ya kumzika baba, spika zake zilianza kuunguruma.

Hakuna wimbo, hakuna stesheni. Ukiwasha tu redio, mmmmmm. Hadi vikombe vinatetemeka kabatini.

Sisi nywele zimetusimama, mama anavuta kiti akae asikilize!

"Baba yenu huyo. Si mnajua alivyokuwa akiguna akinyoa ndevu?"

"Mama, mashine mbovu hiyo."

"Mbovu wewe. Na jikoni ananishika mkono. Nikigusa friji tu, ananitekenya."

Moyoni nikasema basi, na mama naye tunampoteza.

Nikamleta fundi redio, mtu mwenye maneno mengi kuliko redio zake. Akachomoa waya mmoja baada ya mwingine, mngurumo upo. Akabadilisha spika, upo. Akahamisha plagi, upo vilevile.

"Dada, mzimu wenu kichwa ngumu," akasema. Mama akamkata jicho.

Akaniambia nizime vitu vya nyumba nzima, kimoja kimoja. Feni, bado. Televisheni, bado. Nilipochomoa friji, kimya.

"Rudisha."

Mmmmmm.

Fundi akaacha utani. Akaenda jikoni, akagusisha testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye mlango wa friji. Testa ikawaka.

Hapo hapo mama akaingia ametoka kufua, pekupeku, mikono inachuruzika maji. Anakwenda kusalimiana na mumewe.

"Mama, usiguse!"

Nilimrukia kiunoni, tukaanguka wote chini.

"Friji inavujisha umeme," fundi akasema, jasho linamtoka. "Ulitakiwa ushuke ardhini. Sasa unazunguka kwenye nyaya za nyumba hadi kwenye spika. Waya wa ethi, wa kuushusha huko, uko wapi?"

Tukaenda nyuma ya nyumba. Waya unaning'inia, chini yake shimo tupu. Ile nondo ya shaba aliyoichimbia baba, aliyokuwa akiimwagia maji kila kiangazi, haipo.

"Wezi hao!" nikasema.

Mama aliingia chumbani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye shati la baba.

"Aliniambia, 'Mke wangu, huyu ndiye mlinzi wako.' Nilimng'oa baada ya mazishi, nilitaka alale karibu yangu."

Jamani, nililia.

Fundi akampa nyundo. Mama akaipigilia nondo mwenyewe, huku analia. Friji ikatengenezwa. Spika sasa zinaimba safi, na mimi ule mngurumo naukumbuka.

Jana nilimkuta mama jikoni, kiganja juu ya friji.

"Hanishiki tena."

"Yuko nyuma ya nyumba, mama. Yuko kazini."

Akafuta machozi. "Basi nipe ndoo. Jua hili, atakuwa na kiu."

Ndugu zangu, mkiachiwa kitu na marehemu, ulizeni kwanza kilikuwa na kazi gani, ndipo mkilalie.