Rubani Namba Saba

Kitabu kile kilinuka moshi na mahindi ya mbegu, kwa sababu kaka yangu, aliyekuwa sekondari, alikificha darini juu ya mafiga, mahali ambapo mama alihifadhi mbegu. Kilikuwa riwaya ya Kiingereza kuhusu kikosi cha marubani kumi waliopigana vita kati ya nyota. Kiingereza changu cha darasa la sita kilitosha kuelewa nusu. Nusu nyingine niliijaza mwenyewe bila kumwambia mtu.

Msimu ule mimi na rafiki yangu Hoza tulilinda mahindi yetu kando ya msitu wa Magamba. Dungu la miti tulilokalia ili kuwafukuza kima likawa chombo chetu cha angani, na kila alasiri nilisimulia sura moja. Mimi nilikuwa kamanda, maana kitabu kilikuwa cha kwetu. Hoza alikuwa rubani namba saba, mwenye chombo kidogo kuliko vyote. Kima walikuwa adui, na kwa kweli walipigana vizuri kuliko adui wa kitabuni.

Kosa langu lilianzia kwenye kombeo. Siku moja nilirusha mawe matano, yote yakapiga kisiki. Hoza alirusha moja tu, kima mkubwa akaangusha hindi na kutimka ameshika makalio. Mama, aliyekuwa akipalilia maharage, alicheka mpaka akaketi chini.

"Kamanda, jifunze kwa mwenzio!"

Kesho yake nikamuunguza namba saba angani, yeye na chombo chake.

"Kitabu kimesema hivyo?" Hoza akauliza.

"Kimesema."

Akaniwekea kombeo lake mapajani. "Basi, marehemu halindi mahindi." Akashuka, akaenda kwao.

Kima walimwona akiondoka. Kufikia jioni walikuwa wamemaliza nusu ya shamba, nami bado napiga kisiki kilekile. Mama hakucheka tena. Kukiri kukanishinda, na baada ya mavuno kina Hoza wakahamia Zirai.

Siku hizi wajukuu wangu hupigana vita vya nyota kwenye simu. Rubani wao akifa, wanabonyeza tu, anafufuka kabla chai haijapoa. Wangu alikaa kaburini mpaka mwezi uliopita, Hoza alipokuja arusini Lukozi, mvi tupu, akijikongoja. Nikamvuta pembeni.

"Namba saba hakufa, Hoza. Nilikuua kwa kijicho."

"Aliishiaje?"

"Alirudi salama. Ndiye aliyewaokoa wote, hata kamanda."

Akanyoosha kiganja.

"Kombeo langu liko wapi?"