Mtu Aliyekaa Kitini Akiwaza

Simu iliita Dada Mkubwa akiwa katikati ya kudurufu mitihani ya darasa la sita, vidole vimejaa wino. Yeye ndiye karani wa shule, na mashine ile ilikuwa haimtii mtu mwingine. Aliyepiga alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake, kutoka hospitalini.

"Wifi," sauti ikasema, ikakatika, ikarudi. "Mdogo wako ametutoka."

Dada Mkubwa aliketi juu ya boksi la karatasi. Mungu amsamehe, jambo la kwanza lililomjia halikuwa sala wala kilio. Aliwaza kwamba marehemu angeikataa simu ile. Alishamwambia mara kibao: "Dada, mwalimu wetu wa filamu kapiga marufuku simu ya msiba. Kila mwanafunzi anaanza filamu yake hivyo hivyo: simu inaita, mtu anadondosha kikombe. Imechosha!" Na sasa yeye mwenyewe kaondoka kwa simu. Kilichokosekana ni kikombe tu.

Huyo mdogo mtu alikuwa mwandishi wa riwaya. Zilikuwa tatu, na zilikaa madukani kwa utulivu mkubwa. Dada Mkubwa ndiye aliyezichapa zote, kwa hiyo alikuwa miongoni mwa watu wachache duniani waliozisoma hadi mwisho. Wahusika wa mdogo wake hawakuwa watu wa kwenda mahali. Walikaa, wakawaza. Mtu akinyanyua kijiko ukurasa wa kumi, supu ilimfikia mdomoni ukurasa wa kumi na nne, imeshapoa.

Alipovuka miaka hamsini, nywele zimeshamkimbia, akajiandikisha darasa la jioni la uandishi wa filamu, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la magodoro. Vijana wakambatiza jina la Babu. Zoezi la kwanza alipeleka kurasa nane za mtu aliyekaa kitini akikumbuka maisha yake.

"Babu," mwalimu akauliza, naye angeweza kuwa mwanawe wa kuzaa, "hapa kamera inapiga nini?"

"Inapiga mtu anawaza."

"Anawaza nini?"

"Si nimeandika? Kurasa nane!"

"Mtazamaji hasomi, Babu. Anaona mtu kakaa. Atajuaje kama hajiulizi tu choo kiko wapi?"

Alitua kwa dada yake amevimba kama chura. "Nimedhalilishwa na mtoto!"

Dada Mkubwa alicheka mpaka akashika meza. "Pole, mdogo wangu. Lakini mimi niliyekuchapia miaka yote hiyo, kuna kurasa hata mimi nilitamani kumwonyesha mtu wako choo kilipo."

Akamnunia wiki nzima. Kisha akarudi darasani, maana kwa ung'ang'anizi kupe alikuwa na haya kuliko yeye. Kanuni waliyofundishwa ilikuwa moja: kisichoonekana wala kusikika, kifutwe. Basi akaanza kuwachungulia watu mikono na miguu. Kanisani alimkodolea macho mama mmoja aliyekuwa akisinzia wakati wa mahubiri, hadi Dada Mkubwa akamfinya.

"Simwangalii, dada. Najifunza."

"Jifunze baada ya amina!"

Swali moja tu lilimshinda. "Hivi dada, utamwonyeshaje mtu anayemtegemea Mungu, bila kumfanya aombe kwa sauti?"

"Mimi nitajulia wapi? Muulize yule mtoto wako wa juu ya magodoro."

Kabla hajapata jibu, moyo ukamlaza hospitali. Siku moja akamshika dada yake mkono. "Ukija kunisemea kaburini, sema ulichokiona. Ya moyoni mwangu niachie mimi na Mwenyezi Mungu." Dada Mkubwa akaahidi.

Ahadi hiyo ilikutana na mtihani wake msibani. Mwenyekiti wa chama cha waandishi alikuja na wasifu aliouandika mwenyewe: gwiji, jabali, nyota iliyozimika mchana kweupe. Ndiye huyu huyu aliyewahi kusema mbele ya watu kwamba mzee kusomea filamu ni sawa na ng'ombe kufundishwa kupanda ngazi. Baba yao mdogo aliupenda sana wasifu ule.

"Utausoma huu, mwanangu. Wanakuja watu wazito."

"Baba mdogo, nilimwahidi marehemu."

"Marehemu hadai ahadi! Unataka tuonekane hatuna maneno?"

"Maneno alikuwa nayo tele. Alikuwa anajifunza kuyapunguza."

Pale kaburini mwenyekiti akausoma mwenyewe, wote, akaeleza marehemu alikuwa akiwaza nini tangu utotoni. Jua lilichoma. Wachimbaji wakaegemea makoleo. Ndipo Dada Mkubwa akasimama, mikono mitupu.

"Mdogo wangu alikuwa akimega ncha ya mkate njiani, akifika nyumbani anasema umeuzwa hivyo hivyo. Alinisomea riwaya zake, na tukifika pa kulia, alilia yeye. Kila asubuhi alipiga magoti. Hospitalini hakuweza tena. Basi alivua miwani, akaikunja, akaiweka mezani, akafumba macho. Akimaliza, aliivaa, akaomba chai. Nilimwona. Asanteni."

Akaketi. Baba mdogo akatazama viatu vyake.

Mchungaji aliomba. Jeneza liliteremshwa kwa kamba. Upande wa miguu ukatangulia kidogo, wakausawazisha. Wifi alitupa udongo, akafuata Dada Mkubwa, kisha ndugu wengine. Waliimba beti mbili. Mwenyekiti alikuwa akiuliza ni nani aliyelizibia njia gari lake. Wifi alifungua mkoba, akatoa kasha la miwani ya marehemu, akalishika mpaka kaburi lilipojaa, akalirudisha. Dada Mkubwa akampa leso afute mikono, wakaondoka.